Moshi, Vinasaba na Ubongo: Wasomaji Wanauliza

Barua nyingi za toleo hili zimezunguka jambo moja: hewa chafu inaufanya nini ubongo, na kwa nini watu wawili wanaovuta hewa ileile hawapati madhara sawa. Tumeunganisha zilizofanana na kuzijibu, nyingine kwa urefu, nyingine kwa mistari michache. Mwenye dalili za ghafla sasa hivi, kama mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu au kuchanganyikiwa, asianze kusoma; akimbizwe hospitali.

Nilifundishwa kwamba moshi unaharibu mapafu. Sasa nasikia unafika mpaka kwenye ubongo. Unapita wapi?
*Mwanafunzi wa sekondari*

Unapita njia tatu, na ya tatu ndiyo watu huisahau.

Anza na ukubwa wa chembe. Zile zinazoitwa PM2.5 zina kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo, wakati unywele wa kichwani una takriban mikromita 50 hadi 70. Vumbi kubwa hunaswa na vinyweleo na kamasi puani. PM2.5 hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu, na zile zisizofika mikromita 0.1 zinaweza kupenya ukuta wa vifuko hivyo zikaingia kwenye damu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza.

Ya pili ni pua yenyewe. Juu kabisa ya tundu la pua kuna neva za kunusa, ncha zake zikigusa hewa na upande wa pili ukiishia kwenye ubongo. Chembe ndogo sana zinaweza kusafiri ndani ya neva hizo bila kupitia damu. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza ubongo wa watu waliofariki Mexico City na Manchester walikuta humo chembe za magnetaiti, aina ya oksidi ya chuma. Nyingi zilikuwa na umbo la duara, ambalo hutokea kitu kinapoungua kwa joto kali. Zinazotengenezwa na mwili huwa na pembe kama fuwele.

Njia ya tatu haihitaji chembe yoyote kufika kichwani. Mapafu yakishawashwa hutoa kemikali za uvimbe, na damu huzisambaza mwili mzima. Ukuta unaochuja kinachoingia kwenye ubongo hulegea, na seli za ulinzi zilizomo, yaani mikroglia, huamka. Kazi yake ni kula uchafu na seli zilizokufa. Zikikaa macho kwa miezi na miaka, huanza kung'ata hata miunganiko ya neva iliyo mizima. Wakati huohuo mishipa midogo hukakamaa na presha hupanda, na hapo ndipo kiharusi kinapopata nafasi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hiyo damu ikipungua kidogo unaumia mapema kuliko viungo vingi.

Shikamooni wataalamu. Bibi yangu aliishia kusahau majina ya wanawe, na sasa mama ana miaka 68 ameanza kurudia maswali. Tunaishi hatua chache kutoka barabara kuu ya malori. Je, na mimi nimeshaandikiwa?
*Binti mkubwa*

Marahaba, binti. Hapana, hujaandikiwa, ila kuna mambo matatu ya kutenganisha.

La kwanza ni mama. Kusahau hakumaanishi Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, moja kwa moja. Kabla ya jina hilo kutajwa, daktari apime homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, presha na usikivu, aulize kuhusu sonona, kisha apitie dawa zote anazomeza. Dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi huvuruga kumbukumbu za wazee kuliko watu wanavyodhani. Baadhi ya sababu hizi zinatibika kabisa.

La pili ni jeni. Zipo tatu ambazo mabadiliko yake karibu yanahakikisha Alzheimer: APP kwenye kromosomu ya 21, PSEN1 kwenye ya 14 na PSEN2 kwenye ya 1. Hizi zinasababisha chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote. Ukoo wenye jeni hizo unajulikana: ugonjwa huanza mapema, mara nyingi kwenye miaka ya 40 na 50, hauruki kizazi, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Dalili zinazoanza ukiwa na miaka 68 hazifanani na picha hiyo.

Jeni inayowahusu watu wengi zaidi ni APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19. Inatengeneza protini inayobeba mafuta, na huja kwa aina tatu kuu: e2, e3 na e4. Tofauti iko kwenye nafasi mbili tu za protini hiyo, ya 112 na ya 158, ambapo asidi amino moja hubadilishana na nyingine. Aina ya e4 ni dhaifu katika kuondoa amiloidi, uchafu wa protini unaojilimbikiza kwa wagonjwa wa Alzheimer, na uvimbe ukianza huutuliza vibaya. Aina ya e2 hulinda kiasi. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana nakala angalau moja ya e4, na asilimia 2 hadi 3 wana mbili. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja huongeza hatari mara 2 hadi 3, na mbili mara 8 hadi 12. Takwimu hizo zisibebwe zima zima kupelekwa kwa kila mtu. Kwa wenye asili ya Afrika uhusiano ni mdogo zaidi, na utafiti wa miaka mingi kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uliukuta hafifu sana. Jeni ileile, mwili mwingine na mazingira mengine, matokeo tofauti.

La tatu ni barabara. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake wa miaka 65 hadi 79 ambao hawakuwa na dimenshia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, Alzheimer ikiwemo) walipoanza kufuatiliwa. Walioishi mahali ambapo PM2.5 ilizidi kiwango cha serikali walikuwa na hatari ya dimenshia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 92, na athari ilionekana nzito zaidi kwa wenye e4 mbili. Ukiyaweka pamoja na yale ya mikroglia, mantiki inaonekana: hewa chafu inawasha moto wa uvimbe, na e4 ni mzimaji mzembe. Hata hivyo tafiti nyingine zimewakuta wasio na e4 wakidhurika vilevile. Msimamo wetu ni kwamba asiye na e4 asijione ana kinga, na mwenye nayo asikate tamaa.

Umbali nao una hesabu. Ontario, Kanada, watu wazima wapatao milioni 6.6 walifuatiliwa, na waliokuwa ndani ya mita 50 kutoka barabara kubwa walikuwa na hatari ya dimenshia ya juu kwa asilimia 7 kuliko walio mbali. Kati ya mita 50 na 100 ilikuwa asilimia 4, kati ya 101 na 200 asilimia 2, na zaidi ya hapo tofauti haikuonekana. Asilimia 7 kwa mtu mmoja ni kitu kidogo. Kwa mji mzima wenye nyumba kando ya barabara ni wagonjwa wengi.

Kuhama si rahisi, lakini kuhamisha kitanda kunawezekana. Usingizi wa saa 8 ni theluthi ya siku nzima ukivuta hewa ya chumba kimoja. Mama alale chumba kilicho upande wa mbali na barabara, dirisha linalofunguliwa liwe la upande huo, na la upande wa malori lifungwe saa za msongamano. Mianya ya dirisha hilo izibwe kwa ukanda wa sponji au mpira, maana kulifunga huku upepo unapenya pembeni ni kujidanganya.

Je, nipime APOE yangu kwa vifaa vya mate vinavyouzwa mtandaoni?
*Kijana wa miaka 29*

Hatukushauri, isipokuwa kuna uamuzi unaosubiri jibu. Kwa mtu asiye na dalili, matokeo hayabadilishi ushauri hata mmoja: mwenye e4 na asiye nayo wote wataambiwa wapunguze moshi, wadhibiti presha, wafanye mazoezi. Tena jibu lako linawagusa wazazi na ndugu ambao hawakuomba kujua.

Panapohitajika kweli ni mahali pawili. Mgonjwa anayetarajiwa kupewa dawa mpya za kuondoa amiloidi, kama lecanemab, hushauriwa kupimwa kwanza kwa sababu wenye e4 mbili hupata zaidi uvimbe na kuvuja damu kwenye ubongo. Na ukoo wenye ugonjwa unaoanza mapema upimwe zile jeni tatu, si APOE, baada ya kukaa na mshauri wa vinasaba. Kama umeshapima, usikubali karatasi iliyoandikwa tu "hatari kubwa". Omba jozi kamili, mfano e3/e4, na kipimo kirudiwe kwenye maabara ya hospitali.

Nina ujauzito wa wiki 10 na kazini napita kwenye foleni ya magari kila siku. Mtoto anadhurika?
*Mama mtarajiwa*

Hongera, mama. Kondo la nyuma si ukuta kamili. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji waliona chembe za masizi upande wa kondo unaoelekea kwa mtoto, na mwaka 2022 chembe kama hizo zikaonekana kwenye viungo vya vijusi, ubongo ukiwemo. Kuonekana kwake si sawa na kuthibitisha madhara kwa mtoto fulani, lakini kunatuambia kwamba hewa ya mama inamfikia aliye tumboni.

Kipindi ulichomo ni cha ujenzi. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba itungwe, kisha seli za neva huzaliwa na kuhama kwenda mahali pake. Uvimbe wa muda mrefu wa mama unaweza kuvuruga safari hiyo. Jeni nazo zinaingia hapa. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2014 ulihusu jeni ya MET, inayoshughulika na ukuaji wa ubongo na kinga. Hatari ya usonji iliongezeka kwa watoto waliokuwa na aina fulani ya jeni hiyo na pia hewa chafu ya magari, mambo mawili kwa pamoja. Zaidi ya hapo, uchafuzi unaweza kubadilisha alama za kemikali zilizobandikwa juu ya DNA, ambazo huwasha au kuzima jeni bila kuigusa herufi yoyote ya jeni yenyewe.

Cha kufanya: ukiwa ndani ya gari kwenye foleni, funga vioo na uweke feni kwenye mzunguko wa ndani, halafu ukitoka kwenye foleni fungua dakika chache ili kaboni dioksidi isijae. Ukitembea, chagua mtaa wa nyuma hata kama unaongeza dakika tano. Kama unavaa barakoa, iwe ya daraja la N95 au FFP2, yenye mikanda miwili inayopita nyuma ya kichwa, bana chuma cha puani, kisha pumua nje kwa nguvu; ukihisi upepo karibu na macho, bado haijakaa. Ya kitambaa haizuii chembe ndogo kwa kiwango cha maana. Ukiona inakupa kizunguzungu, ivue. Moshi wa sigara wa mtu mwingine ni wa kukataa kabisa, bila haya. Na endelea na asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku hadi wiki 12, isipokuwa daktari ameagiza kiwango kingine.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Wazazi huacha injini zikiunguruma langoni wakisubiri watoto. Nikiwakemea wanasema ni dakika chache tu.
*Mwalimu wa zamu*

Mwalimu, una hoja. Barcelona, watafiti waliwapima watoto 2,715 wa miaka 7 hadi 10 katika shule 39, mara nne ndani ya mwaka mmoja. Kumbukumbu ya kazi, ile inayomwezesha mtoto kushika namba kichwani huku akizikokotoa, ilikua kwa asilimia 11.5 kwenye shule zenye hewa nafuu, na asilimia 7.4 kwenye shule zenye hewa chafu zaidi. Watoto wote walikua. Wengine walikua polepole. Uchambuzi wa baadaye wa watoto haohao ulikuta matatizo ya tabia yanayohusiana na uchafuzi wa magari yakiwa makubwa zaidi kwa wenye APOE e4. Kumbe jeni tunayoihusisha na uzee inaweza kujionyesha mtoto akiwa darasa la pili.

Mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, na pua yake iko karibu na kimo cha bomba la moshi. Kwa hiyo sogezeni mahali pa kusubiri mita kadhaa kutoka langoni, wekeni kanuni ya kuzima injini, na madarasa ya upande wa barabara yafunguliwe madirisha baada ya magari kuondoka, si kabla. Michezo ihamie upande wa mbali wa uwanja. Kuchoma taka nyuma ya shule kukome. Plastiki inayoungua saa za masomo inaweza kufuta yote mliyoyafanya langoni.

Petroli yenye risasi ilikwisha. Mbona bado mnaitaja risasi?
*Fundi gari*

Petroli yenye madini ya risasi iliuzwa tangu miaka ya 1920 na kituo cha mwisho duniani kiliacha mwaka 2021 huko Algeria. Lakini risasi haiozi. Ile iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara bado ipo, na nyingine mpya hutoka kwenye rangi za zamani na kuyeyusha betri. Shirika la Afya Duniani (WHO) halitambui kiwango chochote salama kwa mtoto, na linashauri chanzo kitafutwe risasi kwenye damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita. Hapa pia jeni inachangia: aina mojawapo ya jeni ya ALAD hutengeneza kimeng'enya kinachoishika risasi kwa nguvu zaidi, na baadhi ya wenye aina hiyo huwa na risasi nyingi kwenye damu. Ndugu fundi, nguo za kazi zibaki karakana, usiingie nazo nyumbani. Nyumbani pangusa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Watoto wapate chuma na kalsiamu ya kutosha, kwa kuwa tumbo lenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi.

Nimeacha kuni, natumia mkaa mzuri usiotoa moshi, na usiku wa baridi naingiza jiko chumbani. Kuna ubaya?
*Baba wa watoto watatu*

Upo, na ni wa usiku huuhuu. Tafadhali usilaze tena jiko la mkaa chumbani, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu, hata dirisha likiwa limeachwa wazi kidogo.

Mkaa unatoa moshi mdogo lakini kaboni monoksidi nyingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inaishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, bila homa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, shuku jiko. Toa watu nje kwanza, jiko baadaye, kisha nendeni hospitali. Kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kisikupumbaze: hakiwezi kutofautisha hemoglobini yenye oksijeni na ile iliyotekwa na gesi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kinachohitajika ni kipimo cha damu cha kaboksihemoglobini. Kwenye hewa ya kawaida gesi hupungua kwa nusu ndani ya saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi ya hospitali, ndani ya saa moja hadi moja na nusu. Aliyepona asidhani yamekwisha: kumbukumbu mbovu, mabadiliko ya tabia au mwendo wa kuyumba vinaweza kuzuka hata wiki kadhaa baadaye.

Sasa ya muda mrefu, na hapa tunaomba kalamu. Tuseme, kwa mfano, jikoni PM2.5 ni mikrogramu 500 kwa mita ya ujazo kwa saa 3 za kupika, na saa 21 zilizobaki uko kwenye mikrogramu 25. Zidisha: 500 × 3 ni 1,500; 25 × 21 ni 525. Jumla 2,025, gawa kwa 24, wastani wa siku ni kama 84. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 ni 15 kwa saa 24 na 5 kwa wastani wa mwaka. Robo tatu ya kipimo chako imetoka jikoni. Ukipunguza muda wa moshi uwe saa moja na nusu, wastani unashuka hadi karibu 55. Ukiacha jikoni vilevile ukahangaika kushusha hewa ya saa nyingine kutoka 25 hadi 20, unapata 80 tu. Hesabu hii ndiyo inayoonyesha pa kuanzia.

Kwa hiyo loweka nafaka na kunde usiku ili ziive haraka, funika sufuria, washa jiko nje na uliingize likishashika vizuri kama ni lazima lipikie ndani. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Ukigonga vipande viwili vikalia kwa sauti kali vimekauka, vikitoa mlio mzito bado. Hewa ipate pa kuingilia chini na pa kutokea juu. Dirisha moja bila tundu la juu huzungusha moshi badala ya kuutoa. Bomba la moshi lipite juu ya paa na lisafishwe masizi, maana likiziba linarudisha moshi ndani. Umeme ukipatikana ndio bora. Gesi inaondoa sehemu kubwa ya masizi lakini inatoa naitrojeni dioksidi, kwa hiyo dirisha bado lifunguliwe.

Nataka kununua mashine ya kusafisha hewa na kipimo cha PM2.5. Niangalie nini?
*Msomaji mwenye pumu*

Anza na chumba. Zidisha urefu, upana na kimo: mita 4 × 4 × 2.5 ni mita za ujazo 40. Unataka hewa hiyo ipite kwenye chujio mara 5 kwa saa, yaani mita za ujazo 200 kwa saa. Namba hiyo itafute kwenye maelezo ya mashine kama CADR, yaani kiasi cha hewa safi inachotoa, na uhakikishe ni kwa mwendo utakaouvumilia usiku. Wengi hununua mashine ndogo, wakaiweka mwendo wa chini kwa sababu ya kelele, na ikawa pambo. Chujio liwe la HEPA, linalokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Usilioshe kwa maji, nyuzi zake huharibika. Epuka mashine inayotangaza ozoni. HEPA haigusi gesi. Kaboni hai hupunguza baadhi ya gesi, ila kaboni monoksidi haizuiwi na HEPA, wala kaboni hai, wala barakoa.

Mwenye mikono ya kazi anaweza kujitengenezea: feni ya mraba ya sentimita 50, machujio manne ya daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa chujio kunasa chembe) yakisimama kama kuta za sanduku, kadibodi chini, feni juu ikipuliza kwenda juu, mishale ya machujio ikielekea ndani, na mianya yote ikizibwa kwa gundi ya utepe. Pembe za feni zifunikwe kwa kadibodi yenye tundu la duara, la sivyo hewa hurudi kupitia pembeni.

Kipimo cha bei nafuu hutumia mwanga wa leza kuhesabu chembe. Hakioni zilizo chini ya takriban mikromita 0.3, na hewa ikiwa na unyevu mwingi huzidisha kwa kuwa chembe hufura kwa maji. Kiamini kwa kulinganisha, kabla na baada ya kufungua dirisha, zaidi ya kuamini namba yenyewe. Na usichanganye AQI, yaani fahirisi ya ubora wa hewa, na mikrogramu. Kwa mfumo wa Marekani, AQI ya 100 ni kama mikrogramu 35 za PM2.5.

Kuna kinywaji au vidonge vya kutoa masizi mwilini?
*Dereva*

Hakuna.

Kukimbia kando ya barabara kunasaidia au kunaharibu?
*Mkimbiaji wa asubuhi*

Mara nyingi faida ya mazoezi inashinda, ila ukikimbia unavuta hewa mara nyingi zaidi kuliko ukikaa, kwa hiyo njia ina uzito. Sogea mita 200 kutoka barabara kubwa. Siku za ukungu wa moshi fanyia ndani.

Nina miaka 71. Nimeendesha lori la dizeli maisha yangu yote. Kuna faida gani kuanza leo?
*Mzee*

Shikamoo, mzee wetu. Faida ipo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya wanawake wa Marekani wenye miaka 74 hadi 92. Walioishi mahali ambapo hewa iliboreka zaidi katika miaka iliyotangulia walipata dimenshia kwa kiwango cha chini, na nafuu hiyo haikutofautiana sana kati ya wenye APOE e4 na wasio nayo.

Hewa isikusahaulishe mengine. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimenshia duniani. Hewa chafu ilipewa asilimia 3. Kupoteza usikivu asilimia 7, na lehemu mbaya ya LDL asilimia 7. Dereva wa lori ana sababu ya kuanza na masikio, hasa sikio la upande wa dirisha. Kapime, na ukipewa kifaa cha kusikia kivae kutwa, si siku ya wageni tu.

Kisha presha. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja, mkono ukiwa usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja na uandike zote mbili. Namba ya juu ikikaa zaidi ya 130 kwa siku kadhaa, peleka daftari hilo kwa daktari, pamoja na dawa zote unazotumia.